Gugumaji Halitafuti Mchumba, Linajizalia Tu

Ukifika Dunga, Kisumu, kwanza unakula samaki, halafu unapiga selfi ziwa likiwa nyuma yako. Mara ya mwisho nilikula vizuri tu, lakini selfi ikanishinda. Ziwa halikuonekana. Kuanzia ufuoni hadi mbali palikuwa kijani kitupu, na maua ya zambarau juu yake, mazuri kweli, ungedhani ni shamba la mtu.

Mjomba, ambaye amevua hapo tangu kabla nizaliwe, alikuwa ameketi kando ya boti yake. Siku ya nne hajaingia majini.

"Nililala maji yakiwa wazi, asubuhi nikapata upepo umeleta hii," akaniambia. Nyavu zake tano zilikuwa bado huko ndani, chini ya hilo zulia.

Nikavuta gugu moja. Ndipo nikakumbuka lile somo la baiolojia nililokuwa nikilisinzilia sekondari (chuo nacho nilikiacha mwaka wa pili, kwa hivyo msiniulize cheti). Kwenye mmea mkubwa kulikuwa na kijishina kama waya wa chaja, na mwisho wa waya mmea mdogo, una majani na mizizi yake. Huo mdogo nao ulikuwa umeshaanza kutoa waya wake.

Hapo hakuna baba. Mtoto ni nakala ya mamake, jeni zile zile. Waya ukikatika, anaelea zake kwenda kuanzisha boma. Maji yakiwa na joto na rutuba ya kutosha, mimea hii inaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili. Sasa piga hesabu: anza na 10, na kufikia wiki ya 20 uko na 10,240. Rutuba yenyewe tunaipeleka sisi, kupitia maji taka ya mji na mbolea inayosombwa na mito kutoka mashambani.

Ndiyo maana wale wanaosema "si mkate tu hayo magugu" hunichekesha. Kipande chenye chipukizi kikibaki majini, umesaidia kupanda. Na yale maua si mapambo tu. Hutoa mbegu zinazoweza kulala kwenye matope miaka na miaka, zikingoja.

Kwao ni Amerika Kusini, bonde la Amazon. Watu walilisambaza duniani kwa sababu ya hayo maua. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 1998 lilikuwa limefunika hekta zipatazo 17,000 upande wa Kenya, hasa Ghuba ya Winam.

Katika miaka hiyo ya 1990 waliletwa fukusi, wadudu wadogo wanaokula gugumaji, asili yao huko huko Amerika Kusini. Walifanya kazi, wakisaidiwa na hali ya hewa, na kufikia 2000 magugu yalikuwa yamepungua sana. Lakini fukusi ni kama sisi: lazima dume limpate jike, mayai yatagwe, na kutoka yai hadi mdudu mzima huenda ni miezi mitatu hivi. Adui yake amezaa mara ngapi hapo katikati? Mvua kubwa za mwisho wa 2006 zilipoingiza rutuba ziwani, zulia likarudi.

Nilimweleza mjomba haya yote. Akasikiliza, akauliza, "Kwa hivyo hii yote inaweza kuwa mama mmoja?"

"Inaweza, mjomba."

Akatikisa kichwa.

Jioni upepo uligeuka, njia nyembamba ikafunguka. Akasukuma boti. Alirudi giza likiingia, na nyavu mbili kati ya tano, samaki hakuna. Kwenye wavu mmoja kulikuwa kumenasa gugu dogo na waya wake. Akalichomoa polepole bila kulikata, akapanda nalo hadi juu kabisa kwenye nchi kavu, ndipo akalitupa.