Kushuka Gisenyi: Joto Linavyobadilisha Nyumba

Barabara ya Musanze kwenda Rubavu hupanda kabla ya kushuka. Hupita Mukamira na Bigogwe, ambako koti ni vazi la kila siku, kisha huteremka kupitia Mahoko hadi Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu. Familia nyingi zimeifuata njia hii kwa ajili ya kazi, shule, ndoa au biashara ya mpakani na Goma. Juu ya gari hupakiwa vitanda, masufuria na magunia ya viazi. Yako pia mazoea ambayo hayapakiwi lakini hufika: saa ya kufunga madirisha, mahali pa kuweka jiko, namna ya kutunza chakula cha jana. Mazoea hayo yalifunzwa na baridi. Tunataka kujua yanafanya kazi gani mahali ambapo baridi imepungua.

Tuanze na joto lenyewe. Rwanda nzima iko karibu na Ikweta, kwa hiyo jua halibagui sana kati ya kijiji na kijiji. Kinachotofautisha ni mwinuko, yaani kimo cha mahali juu ya usawa wa bahari. Hewa inayopanda hukuta kanieneo ndogo zaidi (kanieneo ni nguvu ya uzito wa hewa juu ya eneo fulani), hutanuka, na katika kutanuka hupoa. Kwa wastani halijoto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kila mita 1,000 za kupanda. Kinigi, chini ya volkano za Virunga, iko kwenye mita zipatazo 2,200. Uso wa Ziwa Kivu uko kwenye mita 1,460 hivi. Mita 740 za tofauti hutupa karibu nyuzi 5. Wastani wa Gisenyi ni kama nyuzi 20. Kwa hesabu hiyo, wa Kinigi ni kama 15. Wala si lazima mtu avuke mpaka wa wilaya ili aione tofauti ya namna hii: Bugeshi na Busasamana ni sekta za Rubavu, lakini ziko juu, kwenye miteremko inayoelekea volkano.

Ziwa nalo lina kazi yake. Maji huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa, na uso wa Kivu hukaa karibu na nyuzi 23 au 24 mwaka mzima. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo wa ziwani huingia kushika nafasi yake. Usiku mambo hugeuka, upepo ukashuka kutoka milimani kuelekea majini. Mji ulio kati ya mlima na ziwa hauungui sana mchana wala haugandi usiku. Ndiyo maana mgeni kutoka Kinigi huiona Gisenyi kuwa ya ajabu zaidi baada ya jua kuzama: huko alikotoka, saa tatu usiku kila mtu yuko ndani amejifunika, hapa watu bado wamekaa nje wakizungumza. Saa hizo za jioni tutazirudia, kwa kuwa ndizo zenye uzito mkubwa katika hesabu yetu.

Jikoni badiliko la kwanza ni la faida. Maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa. Kinigi hilo hutokea kwenye nyuzi 93 hivi, na Gisenyi kwenye 95. Maharagwe hulainishwa na joto la maji, hata moto uwe mkubwa namna gani chini ya chungu. Kwa hiyo maharagwe yaleyale huiva mapema zaidi kando ya ziwa, na mkaa hudumu.

Chakula kilichokwisha kuiva kina habari tofauti. Bakteria wanaoharibu chakula huzaliana polepole kwenye nyuzi 10, na upesi sana kadiri joto linavyokaribia la mwili wa binadamu. Sufuria ya maharagwe iliyolala mezani Kinigi huamkia salama mara nyingi, kwa sababu jiko lenyewe usiku huwa baridi kama pishi. Sufuria hiyo ikilala katika jiko la Gisenyi huwa mahali bakteria wanapostawi usiku kucha, na kuipasha moto asubuhi hakuondoi kila sumu waliyoiacha. Ama chakula kipikwe cha kutosha mlo mmoja, ama kilichobaki kichemshwe kabla ya kulala na tena kabla ya kuliwa, kikiwa kimefunikwa. Viazi navyo hulalamika. Gunia lililokaa miezi huko juu huanza kuchipua baada ya wiki chache katika chumba chenye nyuzi 20, na viazi vikipata mwanga hugeuka kijani, dalili ya kwamba sumu iitwayo solanini imeongezeka. Mhamiaji aliyezoea kununua au kuvuna kwa magunia na kuweka akiba afadhali anunue kidogo kidogo. Soko liko karibu.

Sasa nyumba. Nyumba ya nyanda za juu hujengwa ili joto lisitoke: madirisha madogo, yanayofungwa mapema, na mara nyingine jiko la mkaa huingizwa ndani ili familia iote moto. Desturi hiyo ya jiko ni ya hatari hata huko juu. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu na kumuua mtu usingizini. Huko juu watu huihatarisha roho kwa sababu ya baridi. Huku chini hata sababu hiyo haipo, na jiko linapaswa kubaki nje tangu jioni ya kwanza. Paa la mabati lisilo na dari hupokea jua mchana na kulimwaga joto chumbani. Dari huacha tabaka la hewa katikati, na joto hupungua. Ukuta mzito wa mawe ya volkano hupokea joto polepole na kulitoa polepole, kwa hiyo ukuta unaotazama magharibi hutoa joto la alasiri wakati watu wanapokwenda kulala. Kivuli cha mti au baraza upande huo husaidia. Madirisha mawili yanayoelekeana husaidia zaidi, maana upepo wa ziwani ukiingia upande mmoja hupata njia ya kutokea.

Kabla ya kufikia dirisha lililo wazi, neno fupi kuhusu kiwanja. Aliyehama kutoka juu huvutiwa na tambarare, naye hajazoea kuogopa bonde. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua iliyonyesha milimani iliujaza Mto Sebeya, na mafuriko na maporomoko ya usiku huo yaliua zaidi ya watu 130 nchini, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi. Mvua ya huko ulikohama inakufuata kwa njia ya mto. Kuna pia gesi. Kaskazini mwa ziwa, hasa upande wa Goma na Sake, hewa ya ukaa hutoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia mabondeni na mashimoni usiku usio na upepo. Wenyeji huyaita mazuku, na wanajua ni wapi wanyama wadogo hukutwa wamekufa. Waulizwe. Kuta nazo zikaguliwe: baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yalipasua nyumba na barabara mjini Gisenyi, na rangi mpya yaweza kufunika ufa wa zamani.

Turudi kwenye dirisha na zile saa za jioni. Mbu aina ya Anofelesi, anayeuma hasa kuanzia jioni hadi alfajiri, haambukizi malaria siku ileile anayonyonya damu yenye vimelea. Ni lazima vimelea vikue kwanza ndani ya mwili wake, kisha vihamie kwenye tezi za mate. Muda huo hutegemea joto. Kwa Plasmodium falciparum, kimelea cha hatari kuliko vingine na kilichoenea zaidi Rwanda, kuna kanuni inayoweza kuandikwa ubaoni: chukua wastani wa halijoto, toa 16, kisha gawa 111 kwa kilichobaki. Jibu ni idadi ya siku. Kwenye nyuzi 18 tunapata siku 55 na nusu. Kwenye nyuzi 20, siku 28. Kwenye 22, siku 18 na nusu. Kwenye 25, siku 12. Kwenye nyuzi 15 za Kinigi hakuna jibu, kwa sababu chini ya 16 vimelea havikui.

Pembeni mwa hesabu hiyo tuweke umri wa mbu. Wengi hufa kabla ya kutimiza wiki tatu, na wachache tu hufikia mwezi. Basi kwenye nyuzi 18 mbu hufa na vimelea vichanga tumboni. Kwenye 20 wachache huishi hadi kuwa wa hatari, na kwenye 22 idadi yao huongezeka sana. Nyuzi 5 ambazo mwilini zinamfanya mtu avue koti tu, ndani ya mbu zinatenganisha ugonjwa usiowezekana na ugonjwa unaowezekana.

Lakini tusitumie halijoto ya nje peke yake. Mbu akishashiba hupumzika ukutani, ndani ya nyumba. Chumba kilichofungwa chini ya mabati, wakilala ndani yake watu watano, chaweza kuzidi nje kwa nyuzi 2 au 3. Kwa mbu huyo tunapaswa kuhesabu 22 au 23. Kufunga madirisha mapema, zoea lililomkinga mtoto na baridi kule Kinigi, hapa huharakisha kukua kwa vimelea, wala hakumzuii mbu, ambaye hupita upenyo ulio kati ya ukuta na paa. Jibu ni hewa pamoja na kizuizi: wavu wa waya dirishani, upenyo uzibwe kwa wavu huohuo, na chandarua chenye dawa juu ya kila kitanda. Kwa familia iliyotoka juu chandarua ni kifaa kigeni, na nyavu nyingi zimeishia kuwa pazia au ua wa kuku. Sioni sababu ya kuwalaumu. Walikotoka hakikuwa na kazi.

Joto peke yake halitoshi kueneza malaria, na haki itendeke kwa Gisenyi. Bugesera, kwenye mwinuko usio mbali sana na huu, imesumbuliwa na malaria zaidi, maana ina maziwa madogo na mabwawa ya matete ambako mbu hutaga. Huku Gisenyi udongo wa volkano hunywa maji upesi, na madimbwi hayadumu. Hata hivyo udogo wa hatari una upande wake wa pili. Kinga ya malaria hujengwa kwa kuugua mara nyingi kwa miaka, nayo hufifia. Mtu mzima wa Bigogwe hana kinga hiyo, kwa hiyo mbele ya mbu mmoja aliyeambukizwa yeye na mwanawe wa miaka mitatu wanakaribia kuwa sawa. Jirani zetu wa Uganda waliyaona haya. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wakiga kutoka vilima vilivyosongamana vya kusini mwa Kigezi kwenda maeneo ya chini ya kaskazini. Ardhi ilikuwa wazi huko, na malaria ilikuwa mojawapo ya sababu za uwazi huo. Ilibidi mwishoni mwa miaka ya 1950 nyumba za kaskazini mwa Kigezi zinyunyiziwe DDT.

Imebaki hesabu moja, ya mwili. Mtu anayehamia mahali penye joto zaidi huhitaji kati ya wiki moja na mbili kuzoea. Katika siku hizo maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na hupungua chumvi. Mtu huchoka, huumwa kichwa, hukosa usingizi. Ndugu humwambia, kwa nia njema, kwamba ni hali ya hewa, ataizoea. Malaria nayo, kuanzia mbu anapouma hadi homa inapotokea, huchukua kwa kawaida siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi. Linganisha vipindi hivyo viwili. Vinaangukia juu ya siku zilezile. Uchovu wa kuzoea joto ni wa kweli, na ndio unaoificha malaria ya kwanza. Tofauti ni kwamba kuzoea joto hakuleti homa.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, anayehamia Gisenyi atumie fedha yake ya kwanza kwa chandarua na wavu wa dirisha kabla ya kiti na pazia. Na mtu yeyote wa nyumba hiyo atakayepata homa katika miezi ya mwanzo apimwe siku hiyohiyo, hata kama mtaa mzima unasema ni hali ya hewa. Wahudumu wa afya wa jamii, abajyanama b'ubuzima, hupima kwa tone la damu kijijini kwenyewe na kutoa dawa. Viongozi wanaowaondoa watu kwenye miteremko ya maporomoko na kuwapa nyumba mahali pa chini wahesabu mwinuko kuwa sehemu ya msaada: chandarua kitangulie ufunguo. Homa hiyo yaweza pia kutokea huko juu, wakati wa kwenda kuwasalimu wazazi. Muuguzi wa Kinigi huenda asifikirie malaria, kwa sababu katika kazi yake haioni sana. Mgonjwa ndiye anayepaswa kumwambia, kabla hajaulizwa, kwamba siku hizi analala Gisenyi.