Mfupa wa Ishango na namba zisizogawanyika

Sisi wa kalasi ya mwisho tuko na mabishano makali juu ya mfupa wa Ishango. Wengine wanasema babu zetu walijua namba tasa, zile tunazoita kwa Kifaransa nombres premiers, mbele ya Wagiriki. Wengine wanasema ni bure, ni alama za kuhesabia samaki tu. Tunaleta mambo yenyewe hapa, kila mtu apime.

Ishango iko Kivu ya Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale mfupa mdogo wa urefu wa sentimetre 10 hivi. Wataalamu wanaukadiria miaka karibu 20.000. Leo uko Bruxelles, si kwetu, na hiyo inatuuma. Juu yake kuna mikato katika mistari mitatu. Mstari mmoja una mafungu ya mikato 11, 13, 17 na 19.

Sasa angalia. Namba tasa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwenye ndagala 12 sokoni Baraka atazipanga 3 mara 4, ao 2 mara 6. Mwenye 13 je? Mstari mmoja tu, basi. Na kati ya 10 na 20 namba tasa ni hizo nne, hakuna ingine! Ndiyo maana wenzetu wanashangilia.

Lakini mstari wa pili una 9, 19, 21 na 11. Kumbe 9 ni 3 mara 3, na 21 ni 3 mara 7. Tena, jumlisha kila mstari kati ya hii miwili: unapata 60. Pengine hiyo 60 ndiyo waliyoitafuta. Alexander Marshack yeye alifikiri ni kalenda ya mwezi. Mtu anaweza kukata mikato 13 bila kujua kwamba haigawanyiki. Kujua hivyo ni lazima ajaribu kugawanya, na mfupa hauonyeshi kugawanya. Sisi tunasema: hesabu, ndiyo, namba tasa, bado haijahakikishwa. Watu wa samaki nao wasicheke, ushahidi wao hatujauona.

Kujaribu 19 ni rahisi: 2 haiingii, 3 haiingii, na 5 mara 5 imekwisha kupita. Kazi iko kwa namba kubwa. Euklide alihakikisha kwamba namba tasa hazina mwisho, kwa hiyo watu wanaendelea kutafuta. Njia moja: zidisha 2 kwa 2 mara kadhaa, halafu toa 1. Kwa 2 tatu unapata 7, kwa 2 tano unapata 31, zote tasa. Kwa 2 kumi na moja unapata 2047, inayodanganya macho: ni 23 mara 89. Mwezi wa 10 mwaka 2024, Luke Durant wa Marekani alipata tasa moja kwa 2 zipatazo 136.279.841, kubwa kupita zote zilizojulikana wakati ule. Ina tarakimu 41.024.320. Ukiandika moja kila segonde bila kulala, ni siku zaidi ya 470.

Wenye kubishana waanze na 2 kumi na tatu, yaani 8191. Mujaribu namba tasa zote mpaka 89. Mwenye kupata moja inayoingia atuletee karatasi yake mbele ya siku ya ijumaa.