Fahamu: Aliyekulia Ulaya anaichezeaje Kongo?

Mjini Baraka, mechi ya Leopards, timu ya taifa ya Kongo, ikiisha, televisheni ya sola huzimwa lakini ubishi huendelea hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika: kocha Sébastien Desabre amwite nani, amwache nani? Unaowaka zaidi ni ule wa wachezaji waliokulia Ulaya.

Sheria inasemaje?
Tangu 2020, FIFA humruhusu hata aliyecheza mechi zisizozidi tatu katika timu ya wakubwa kubadili taifa, mradi alizicheza kabla ya kutimiza miaka 21, miaka mitatu imepita tangu ya mwisho, na hakushiriki fainali za Kombe la Dunia wala za bara.

Nani wamekuja?
Aaron Wan-Bissaka, mzaliwa wa London, aliichezea timu ya Uingereza ya chini ya miaka 21 kabla ya kuvaa jezi ya Kongo mwaka 2025. Axel Tuanzebe alizaliwa Bunia, akakulia Uingereza.

Je, wa nyumbani wamesahauliwa?
Hapana. Novemba 2025, bao la dakika za nyongeza lililoiondoa Kameruni katika mchujo wa Kombe la Dunia lilifungwa na Chancel Mbemba, mzaliwa wa Kinshasa.

Tumpime mchezaji kwa kazi yake uwanjani, si kwa alikozaliwa.