Jasho la Jioni na Sahani ya Usiku

Zamani kitambi kilihesabiwa kuwa dalili ya neema, na mke aliyenawiri baada ya arusi alikuwa sifa ya mumewe. Siku hizi mambo yamegeuka. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 36 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Katika uchunguzi wa 2015 na 2016 walikuwa 28. Pamoja na unene huja kisukari na shinikizo la damu, maradhi ambayo hayamwachi mtu wala mfuko wake. Kwa hiyo wengi wameamua kutembea jioni ili wapunguze mwili, nalo ni jambo jema.

Lakini hapo huzuka swali ambalo twataka kulitazama kwa makini. Mtu akisha kutembea, simu yake au saa ya mkononi humwambia kuwa ameunguza kalori kadha wa kadha. Je, ana ruhusa ya kuzila tena kalori zile usiku, kana kwamba amelipa na sasa anadai chenji? Wako wasemao ndiyo, kwa kuwa mwili usiporudishiwa nguvu zake hudhoofika. Wako wasemao hapana, kwa kuwa aliyerudisha alichokitoa hakupunguza kitu. Sisi twaona kwamba kila upande umeshika nusu ya haki, na kwamba jibu la mmoja katika nyumba silo jibu la mwenziwe.

Kwanza yafaa tujue kalori ni nini. Ni kipimo cha joto, yaani cha nguvu iliyomo katika chakula. Kalori moja ya chakula ni joto linalotosha kuongeza digrii moja ya sentigredi katika kilo moja ya maji. Mwanakemia wa Marekani, Wilbur Atwater, ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kupima vyakula kwa njia hii mwishoni mwa karne ya 19. Mpaka leo twatumia hesabu yake: gramu moja ya wanga, sukari au protini hutoa kalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9.

Sasa tuchukue mfano wa mwenye duka katika Lisekese, kata iliyo ndani ya mji wa Masasi. Tuseme ana kilo 80, hukaa kitini tangu asubuhi hadi alasiri, na jioni hutembea kilometa 5 kwa muda wa saa moja. Simu yake humwambia ameunguza kalori 280. Hesabu hii haikosi sana, lakini ina mambo ndani yake ambayo simu haimwelezi.

Jambo la kwanza ni kuwa katika zile 280, kalori kama 80 angezitumia hata kama angebaki kitini, kwa sababu moyo hupiga na mapafu huvuta pumzi hata mtu akiwa amelala. Basi kilichotokana na matembezi yenyewe ni kalori 200. Jambo la pili ni kuwa vyombo hivi hukosea. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha majaribio ya aina saba za saa za mkononi kwa watu 60. Katika kupima nguvu iliyotumika, ile iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na iliyokuwa mbaya kuliko zote ilikosea kwa asilimia 93.

Jambo la tatu ndilo kubwa, na ushahidi wake mmoja umetoka katika nchi yetu wenyewe. Kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wako Wahadzabe, ambao baadhi yao wameendelea kuishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitangaza matokeo ya kupima nguvu wanayoitumia watu hao kwa siku. Wanaume walitembea karibu kilometa 11 kila siku, na wanawake karibu kilometa 6. Kila mtu angetazamia kwamba watu wa namna hii huunguza chakula kingi mno kupita karani wa Ulaya au Marekani. Haikuwa hivyo! Ukubwa wa miili ulipozingatiwa, jumla ya nguvu waliyoitumia kwa siku haikutofautiana na ile ya watu wa mijini.

Sababu yake, kwa maoni ya wataalamu hao, ni kuwa mwili una uwekevu wake. Ukitumia sana upande mmoja, hubana matumizi upande mwingine: kazi za ndani hupunguzwa kidogo, na mtu mwenyewe hukaa kitako zaidi bila kujijua. Uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 2021 na kuwahusu watu wazima 1,754, ulikadiria kwamba kwa wastani mwili hufidia kadiri ya asilimia 28 ya nguvu inayoongezwa kwa kazi au mazoezi, na fidia hiyo ilionekana kuwa kubwa zaidi kwa watu wanene.

Turudi sasa kwa mwenye duka wetu. Katika zile kalori 200 tuondoe asilimia 28, zitabaki 144. Hiyo ndiyo faida yake halisi ya jioni moja, karibu nusu ya alichoambiwa na simu. Naye anaishi katika nchi ya mikorosho. Akirudi nyumbani akakuta korosho za kukaanga mezani, gramu 30 tu, ambazo hazijazi kiganja, zina kalori zipatazo 170. Zimekwisha kumeza faida yote na zimedai nyongeza! Hatusemi korosho ni mbaya. Ni chakula bora chenye mafuta yanayoufaa moyo. Twasema tu kuwa saa nzima ya jasho huweza kutoweka kwa muda wa kusimulia kisa kimoja. Soda moja ya mililita 350 ingefanya vile vile.

Tuitazame hesabu hiyo kwa upande mwingine. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kuwa na kalori 7,700. Kwa kalori 144 kwa siku, mwenye duka atahitaji siku 53 hivi kupunguza kilo moja, ikiwa haongezi chakula chochote. Lakini kama anakunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, na kila kikombe akitia vijiko vidogo vitatu vya sukari, basi hapo pana kalori 144 nyingine. Akiiacha sukari ile pamoja na kutembea, zile siku 53 zitakuwa 27. Kijiko kimefanya kazi sawa na miguu, wala hakikutoa jasho.

Je, tuseme basi kwamba mazoezi ni bure? Hasha! Matembezi huimarisha moyo, hushusha sukari ya damu, huleta usingizi mzuri na humsaidia aliyekwisha kupungua asirudie unene wake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, limewashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Basi na atembee kwa ajili ya siha yake, na sahani aitazame kwa ajili ya uzito wake. Asiichukue kazi ya mmoja akampa mwingine.

Hata hivyo, ingekuwa hatari kubwa kama maneno haya yangesomwa na kila mtu kana kwamba yameandikwa kwa ajili yake. Katika nyumba ile ile ya mwenye duka yumkini yupo mama ambaye hushika jembe tangu alfajiri katika palizi ya mikorosho na mihogo. Saa nne za kulima huweza kumgharimu kalori zaidi ya 1,000. Huko Newala, juu ya uwanda wa Makonde ambako hapana mito, wanawake wa vizazi vingi wameteremka mabondeni na kupanda tena na maji kichwani; na ingawa mradi wa maji wa Makonde ulianza tangu miaka ya 1950, shida ya maji haikumalizika mara moja. Kazi ya namna hii si mazoezi ya kupunguza mwili. Anayeifanya hana budi arudishiwe nguvu zake kwa chakula cha kutosha, tena chenye kunde, mbaazi, samaki au mayai, si ugali mtupu. Ni dhuluma kumhubiria kujinyima mtu ambaye mwili wake tayari unadai.

Kadhalika vijana wanaocheza mpira kila siku. Mwaka 2014 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilitoa onyo juu ya wanamichezo wanaokula pungufu ya wanachokitumia: mifupa hudhoofika, maradhi huwapata upesi, na kwa wasichana hedhi huweza kukoma. Mzazi amwonapo binti yake anakimbia sana na kula kidogo asifurahi kwa wembamba wake, bali amwulize. Watoto wanaokua, waja wazito na wanaonyonyesha hawamo kabisa katika shauri la kupunguza. Tusisahau kuwa uchunguzi ule ule wa 2022 ulikuta katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Unene na upungufu wa chakula huweza kukaa chini ya paa moja. Na mwenye kisukari atumiaye insulini au vidonge asibadili chakula wala mazoezi bila shauri la daktari, kwani sukari yake huweza kushuka ghafula.

Mwezi wa Ramadhani una somo lake katika jambo hili. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba wafungao hupungua uzito kidogo tu, nao hurudi baada ya mwezi. Si ajabu. Mchana wote mtu amejizuia, na magharibi huona kuwa anastahili malipo: sambusa, kaimati, uji wenye sukari nyingi, kisha wali. Ni mawazo yale yale ya mtembezi anayedai chenji yake. Tumefundishwa kula na kunywa bila ya israfu, na mafundisho hayo hayakuwekewa saa ya kuanza wala ya kwisha.

Basi ni ipi njia ya kufuata kwa mtu mnene mwenye kazi ya kukaa? Kwanza, asile kwa hesabu ya simu. Kama matembezi yake ni ya saa moja au pungufu, asirudishe kitu, maji yatamtosha. Pengine kinachomwita baada ya kutembea ni kiu, naye hudhani ni njaa. Pili, ajipime mara moja kwa juma, asubuhi ile ile, kwa mzani ule ule. Asiye na mzani achukue uzi apime kiuno chake na kutia fundo. Tatu, akiona anapungua nusu kilo hadi kilo moja kwa juma, na huku ana nguvu za kazi na usingizi mwema, aendelee vivyo hivyo. Nne, akiona anapungua zaidi ya kilo moja kila juma baada ya majuma ya mwanzo, au anapata kizunguzungu, au njaa yamwamsha usiku, basi hiyo ndiyo ishara ya kurudisha. Arudishe nusu ya alichoambiwa na chombo, si chote, na kiwe chakula chenye kushiba: bakuli ya kunde, yai, au tunda, si andazi. Na kama apungua bila ya kukusudia, aende hospitali.

Akina mama wapakuao chakula wana nafasi kubwa katika shauri hili kuliko saa yoyote ya mkononi. Mpakuaji ajuaye nani ametoka shambani na nani ametoka kitini hatapakua sahani zilizo sawa, wala hatamwonea mtu. Na aliyepewa sahani ndogo asinung'unike, akumbuke tu jembe lilikuwa mkononi mwa nani.