Kongoro la Kipupwe: Moto Mdogo Unavyopika Supu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia buchani. Tulikubaliana kwamba supu ya usiku wa baridi haitaki sarara. Inataka muundi, shingo, mkia, na zaidi ya vyote kongoro, lililobabuliwa, likakwanguliwa na kukatwa vipande kwa shoka. Leo sufuria inapanda jikoni, na hoja yangu ni moto. Tunapoteza kuni nyingi kwa imani kwamba supu inayotokota kwa fujo ndiyo inayoiva haraka. Si kweli.

Tuanze na maji yenyewe. Kijiji chetu cha Sitalike kiko kwenye kimo kinachokaribia mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yake huchemka kwenye nyuzi joto 97 hivi, siyo 100 kama ya Dar es Salaam. Yakishafika hapo hayapandi tena, hata ukisukumia gogo zima la mtundu mafigani. Kila kuni unayoongeza inageuza maji kuwa mvuke, basi, na kazi hiyo ni ghali. Kuchemsha lita moja kutoka nyuzi 20 hadi 97 kunahitaji kilojuli 320 hivi. Kuimaliza lita hiyohiyo yote iwe mvuke kunahitaji zaidi ya 2,200, yaani mara saba. Nyama haipati hata nyuzi moja ya ziada. Mpishi anaongeza maji, maji yanapoza sufuria, moto unachochewa upya. Kwa kijiji kilicho mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambamo hakuna ruhusa ya kukata wala kuokota kuni, huo ni ubadhirifu wa miguu na wa pesa.

Mtazame mama lishe mzoefu wa kando ya barabara ya Mpanda kwenda Sumbawanga. Povu la kijivu likipanda analiengua kwa upawa mpaka mchuzi utakate, kisha anavuta kuni nje ya mafiga, moja baada ya nyingine, na kuzizima kwa kuzisokota mchangani. Chini ya sufuria yanabaki makaa, nayo anayafunika kwa majivu mepesi. Uso wa supu unatulia. Kiputo kimoja kinapanda ukingoni, kinapasuka, kinafuata kingine. Mfuniko unabanwa kwa jiwe. Mteja akiuliza, "Mama, bado tu?" anajibiwa, "Bado, mwanangu. Kunywa chai kwanza."

Chai hiyo ina sababu zake. Kongoro na muundi zimejaa kano na ngozi, na kano hizo zimeundwa kwa protini iitwayo kolajeni. Joto likipita nyuzi 60 hivi, nyuzinyuzi za mnofu hujikunja na kukamua maji yake. Ndiyo maana nyama ya muundi iliyochemshwa saa moja huwa kavu na ngumu kuliko ilivyoingia. Wengi hukata tamaa hapo, wakaongeza moto. Lakini kolajeni nayo imeanza kuyeyuka polepole na kuwa jelatini, na kati ya nyuzi 80 na 95 kazi huenda vizuri. Kinachohitajika ni muda. Saa tatu, nne, kano zinalegea, nyama inaachia mfupa, na mchuzi unashika midomo kwa unato. Ukiuacha ulale kwenye bakuli usiku wa Julai, asubuhi utaukuta umeganda. Mchuzi wa sarara haugandi hivyo hata ukae wiki. Sufuria ya presha hufupisha safari kwa sababu ndani yake maji hufika nyuzi 120 hivi, na mwenye nayo sina ugomvi naye, ila mchuzi wake unaweza kutoka na ukungu na mimi naupenda mwangavu.

Na ninaposema nyama, nina maana ya ng'ombe na mbuzi. Viboko wanaobanana kwenye madimbwi ya Mto Katuma kiangazi si mboga. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 iko wazi juu ya mwindaji asiye na kibali.

Marekani subira kama ya mama lishe wetu iliwekwa ndani ya chombo. Irving Naxon, mvumbuzi wa Chicago, alipata hataza ya chungu cha umeme cha kupika polepole mwaka 1940. Wazo lilitokana na masimulizi ya mama yake kuhusu kijiji chao cha Lithuania, ambako vyungu vya maharage na nyama vilipelekwa Ijumaa jioni kwenye tanuri la mwoka mikate vikalale na joto lake hadi kesho yake, kwa kuwa Sabato ya Kiyahudi hairuhusu kuwasha moto. Kampuni ya Rival ilinunua biashara yake mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikaingiza sokoni Crock-Pot. Chombo cha wati 200 kikiwaka saa nane hula uniti 1.6 za LUKU, siyo nyingi. Asiye nacho hajapungukiwa na kitu, maana tanuri la yule mwoka mikate halikuwa na umeme.

Tunachohitaji ni kuzuia joto lisitoroke. Chukua kapu pana au boksi gumu, lijaze pumba za mpunga, ambazo kwenye mashine za Mpimbwe hurundikwa nje, au maranda ya fundi seremala, na uache shimo la kutosha sufuria. Hewa iliyonaswa ndani ya pumba ndiyo blanketi. Chemsha kongoro jikoni kwa saa nzima, muundi kwa nusu saa, huku sufuria imejaa karibu na ukingo, kwa kuwa maji machache hupoa upesi. Usifunue tena. Hamisha haraka, gandamiza mto wa pumba juu yake, funga kwa blanketi kuukuu. Baada ya saa tatu au nne rudisha jikoni ichemke tena. Ukifungua ukakuta supu ya vuguvugu, unayoweza kutia kidole bila kukitoa mbio, kapu lako linavuja joto: chini ya nyuzi 60 bakteria huanza kuzaana.

Ukitaka kuchanganya supu na maharage mekundu, yana sharti lake. Yana sumu ya asili ambayo joto la polepole haliiui. Likiishia nyuzi 80 hivi linaweza hata kuiongeza makali, na mlaji akatapika usiku kucha. Yaloweke kutwa, mwaga maji, kisha yachemshe kwa moto mkali peke yake. Wataalamu husema angalau dakika 10. Kwa kimo chetu mimi hufika 30. Baada ya hapo yaungane na kongoro.

Vitunguu, tangawizi na saumu huingia mwanzo. Viazi, karoti na ngogwe huingia wakati wa kuchemsha mara ya pili. Nyanya ziwe za mwisho kabisa na ndimu ibaki mezani, kwa kuwa uchachu hukaza viazi na maharage yasilainike. Chumvi nayo mwishoni, maana mchuzi hupungua na chumvi haipungui.

Neno kuhusu baridi yenyewe. Juni hadi Agosti anga la Katavi halina mawingu, joto la mchana hupaa usiku, na alfajiri watu hutamani kuingiza jiko la mkaa chumbani. Usilale nalo. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Supu ikibaki, igawe kwenye vyombo vidogo ipoe upesi, na asubuhi ichemke sawasawa kabla ya kunywewa na chapati.

Wiki ijayo ni zamu ya mgebuka wa Ikola, ambaye kapu hili halimfai: samaki ana kolajeni kidogo na laini, dakika 15 zinamtosha, na saa tatu zitakuachia miiba.