Maiti Iliyofungwa Kama Mtumba

Oktoba 1873 msafara kutoka kusini uliingia Unyanyembe, kando ya Tabora ya leo, ukiwa na maiti ya mmisionari David Livingstone. Alikuwa amefariki mwanzoni mwa Mei kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Huko wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, mmoja wao, Jacob Wainwright, akasoma sala za maziko, kisha mwili wakautia chumvi na kuuanika juani majuma mawili. Luteni Cameron, Mwingereza waliyemkuta Unyanyembe, aliwashauri wamzike hapo hapo, nao wakakataa. Walipoondoka wakasikia kwamba wenyeji wa mbele hawataki maiti ikatize kwao. Wakafunga mabua mfano wa maiti, na baadhi yao wakaondoka nayo kana kwamba wanakwenda kuzika Unyanyembe. Maiti yenyewe wakaifunga upya, ikawa mtumba wa nguo kama mitumba mingine yote iliyopita njia ile. Februari 1874 ikafika Bagamoyo. Huko London, daktari aliitambua kwa mfupa wa mkono uliowahi kuvunjwa na simba miaka thelathini nyuma.

Nimeanza na maiti kwa sababu mahubiri mengi ya Pasaka hayataki kukaa nayo. Huruka haraka kutoka kaburi tupu hadi mbinguni, na mwili ukasahaulika njiani. Injili hazifanyi hivyo. Yesu mfufuka ana makovu, na kwa makovu hayo Tomaso anamtambua. Anawasha makaa ufukweni na kuwachomea wanafunzi samaki. Anayefufuka ni mtu mwenye mwili wake, pamoja na alama za mateso yake. Kwa hiyo ufufuko, kabla haujawa ahadi ya kesho, ni hukumu juu ya thamani ya mwili leo. Na sijui mahali panapoifanya hukumu hiyo ieleweke kuliko njia hii ya kilomita zipatazo 1,200 kutoka Ujiji, kupitia Tabora, hadi Bagamoyo. Hapa mwili ulikuwa na bei. Mpagazi wa Kinyamwezi alikodishwa kwa nguvu za bega lake, akalipwa ujira. Mtumwa alifungwa kongwa shingoni, na aliyeshindwa kutembea aliachwa porini, bila kaburi.

Wapo Wakristo watakaosema mwili ni mavumbi tu, cha kuokolewa ni roho. Lakini Paulo, aliyetumia aya 58 mbele ya Wakorintho kuwatetea wafu watakaofufuka, anaifunga hoja yake kwa kuwahimiza wafanye kazi, na mstari unaofuata ni wa mchango kwa ajili ya watakatifu wenye shida. Kwake ufufuko na fedha ya chakula ni mazungumzo mamoja.

Pingamizi zito zaidi ni jingine: mbona aliyebebwa kwa heshima ni Mzungu, na maelfu ya Waafrika wakaachiwa fisi? Tena Susi hakuwa Mkristo wakati ule; alibatizwa mwaka 1886. Yote mawili ni kweli, na yananifanya nisimpe Mkristo hatimiliki ya huruma. Lakini pingamizi hilo halilipingi fundisho la ufufuko, linatushitaki tuliolipokea. Kama Mungu alimfufua mtu aliyeuawa kwa adhabu waliyopewa watumwa, basi yule wa porini hakuachwa na Mungu, na aliyempita ana la kujibu. Adrian Atiman aliliishi jibu hilo. Alitekwa utotoni karibu na mto Niger, akauzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea utabibu Malta, na mwaka 1889 alikuwa Karema, kwenye Ziwa Tanganyika. Alitibu watu huko na kufundisha dini kwa zaidi ya miaka 60, hadi kifo chake mwaka 1956. Mwili uliowahi kuuzwa ukawa mikono ya kusafisha vidonda vya wengine. Ukiniuliza ufufuko unaonekanaje siku ya Jumatatu, nitakuonyesha mikono hiyo kabla ya kukupa hoja yoyote.

Hata leo mwili una bei: mtoto anayechuma majani mabichi ya tumbaku yenye umande hunyonya nikotini kwa ngozi, na huweza kushikwa na kizunguzungu na kutapika. Tabora ni mkoa wa tumbaku, na sehemu ya sadaka makanisani humo inatokana na zao hilo. Mchungaji anayehubiri kaburi tupu bila kuuliza nani aliyechuma, amehubiri nusu.

Kuhubiri Pasaka bila kuusahau mwili kunawezekana: Wamoravian wana desturi, iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, ya kuipokea Pasaka makaburini alfajiri. Wapo wanaonong'ona kuwa ni tambiko. Si kweli: hawaombi kitu kwa wafu, wanawatangazia tu habari inayowahusu. Kanisa hilo liliipokea misheni ya Urambo, mkoani Tabora, mwaka 1898. Miaka sita kabla, hapo hapo Urambo, alifariki Jacob Wainwright, yule aliyesoma sala chini ya mti kwa Chitambo. Watakaokwenda makaburini Pasaka ijayo wamtaje na yeye.