Bora Roboti Kuliko Binamu!

Mchumba wangu si mtu wa kuogopa sindano. Lakini mwaka jana, tulipopanga kupima Ukimwi kabla ya ndoa, aligoma kabisa. Si unajua Nangwa ni padogo, ukikohoa asubuhi, jioni Katesh wanakupa pole. Na kwenye maabara tuliyotaka kwenda, anayetoa damu ni binti wa shangazi yake.

"Dia, bora nipimwe na roboti," akaniambia. "Roboti haina shangazi."

Nilicheka, halafu nikaudhika. Nawe ungewaza nini? Nikahisi kuna jambo anaficha.

Hata hivyo nikaingia kwenye intaneti. Kumbe jirani zetu Rwanda walishaanza: Mei 2020, enzi za Korona, UNDP iliwapa roboti 5 za kupima joto la watu 50 hadi 150 kwa dakika, ili manesi wasisogeleane sana na wagonjwa. Sawa, ila joto siyo sampuli. Walioichukua sampuli yenyewe ni Denmark, mwaka huohuo. Chuo kikuu kimoja huko kilitengeneza mkono wa roboti unaoshika kijiti, unapangusa koo, unakitia kwenye kichupa na kufunga kifuniko.

Nikamsimulia, roho kwatu. Akauliza, "Na jibu analisoma nani?"

Mtu, bila shaka. Tukarudi palepale.

Basi nikaleta vipimo viwili vya mate. Tangu sheria ilipobadilishwa Novemba 2019, mwenye miaka 18 anaruhusiwa kujipima mwenyewe. Unapitisha kijiti kwenye fizi, juu na chini, unakitumbukiza kwenye kimiminika, unasubiri dakika 20.

Jamani, dakika 20 ni ndefu! Ya saba hivi, akaanza kuongea. Msichana aliyekuwa naye kabla yangu aliugua sana, na yeye hakuwahi kumuuliza anaumwa nini. Miaka minne amelibeba hilo. Binamu alikuwa kisingizio tu.

Ikatoka mistari mmoja mmoja, yaani hatuna. (Ikitoka miwili, nenda kituoni wathibitishe. Na kama ulijiachia ndani ya miezi mitatu iliyopita, rudia kupima baadaye, mmoja usikudanganye.)

Kanisani walitaka cheti, kwa hiyo maabara tulikwenda tu. Binamu alitutoa damu kimya kimya, akaandika namba, akafunga daftari. Alichouliza ni rangi ya vitenge vya sendofu, maana fundi wake ana foleni.